Afisa Misitu Kwenye Shirika la Wazee

(Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ustawi wa jamii, Mwanza, katika maadhimisho ya Siku ya Kupinga Ukatili dhidi ya Wazee)

Mwangaluka!

Haya, mlioitikia mko wengi kuliko nilivyotegemea. Waliokaa kimya nadhani ni wale waliokuja kusoma huku wakitokea Pwani na Kusini. Karibuni, mtazoea.

Walimu wa chuo, maafisa ustawi mliotoka halmashauri, wazee wetu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Na nyinyi wanangu, barua niliyoletewa inasema nije niwaeleze "wafanyakazi wa shirika la utetezi na taaluma zao". Niliposoma nilicheka peke yangu ofisini, kwa sababu hicho kichwa nakijua. Ndiyo safu ninayoijaza kila tunapoomba fedha: jina, cheo, elimu, miaka ya uzoefu. Nusu ukurasa kwa kila mtu. Nimeijaza mara nyingi hadi siku hizi naijaza huku nasikiliza taarifa ya habari.

Sasa, miaka kadhaa iliyopita safu hiyo iliniletea maneno. Mfadhili mmoja, kijana wa watu mwenye adabu zake, alinipigia simu. Alikuwa amepitia majina yote vizuri, mwanasheria sawa, muuguzi sawa, mhasibu sawa, akafika mstari wa sita akakwama. Akaniambia, "Mama, samahani, hapa sijaelewa. Shirika lenu linatetea wazee. Huyu afisa misitu ni wa nini?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa kwenye simu. Nilibabaika kidogo, nikamwahidi barua pepe. Leo mmenipa dakika arobaini, basi nitamjibu yeye kupitia kwenu.

Nyinyi mmekulia huku au mmefika kwa mazoezi ya vitendo, kwa hiyo kinachowapata bibi zetu Usukumani mnakijua. Mtoto anaugua siku tatu anafariki. Au ng'ombe wanakufa, au mvua inagoma. Familia inataka kujua kwa nini. Inakwenda kwa mpiga ramli. Yule mpiga ramli ni mjanja, hataji jina. Anasema ni mama mtu mzima, si mbali na hapo, macho yake mekundu. Haya niambieni, kuna kijiji gani huku kisicho na bibi wa namna hiyo? Wana wanarudi nyumbani kila mmoja na jibu lake kichwani. Serikali ina jina la kazi hiyo, ramli chonganishi, na Januari 2015 iliipiga marufuku, wakati ule wa mauaji ya wenzetu wenye ualbino. Baada ya ramli wanatafutwa wakata mapanga, wanalipwa, na asubuhi tunapigiwa simu.

Ukilitazama jambo hili kwa haraka utasema ni jinai, waachiwe polisi. Hilo lilishajaribiwa. Mwaka 1976 dola iliingia Mwanza na Shinyanga kwa operesheni ya kukomesha mauaji haya. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa sababu hiyo. Wengi wenu mnamjua kama Mzee Ruksa, Rais wa awamu ya pili, na hamkuwahi kuambiwa kwamba aliwahi kuachia uwaziri kwa ajili ya Shinyanga. Sisemi polisi hawana kazi kwenye suala hili. Wanayo kubwa. Nasema walitumwa peke yao, na hawakuuliza lolote kuhusu macho.

Aliyeuliza kuhusu macho kwetu ni muuguzi.

Mama huyu alistaafu baada ya miaka mingi kwenye zahanati na kituo cha afya, akaja kwetu akitaka "kazi nyepesi". Maskini. Wiki ya pili tukaenda naye kwenye mkutano wa kijiji. Alikuwepo kamanda wa sungusungu, lile jeshi la jadi la ulinzi wa vijiji, mwanamume wa miraba minne, na fimbo yake. Kamanda akasema mbele ya watu, bila kificho, kwamba yeye hamwonei mtu, ila mwenye macho mekundu lazima aulizwe. Muuguzi hakubishana naye. Aliomba ruhusa, akainuka, akaenda kwenye nyumba ya bibi mmoja jirani na uwanja wa mkutano. Nyumba ya msonge, ya nyasi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Bibi alikuwa anasonga ugali. Muuguzi akainama akaingia, akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa mafiga.

Huko ndani kulikuwa kunawaka mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe. Asiyewahi kukaa kwenye moshi wa samadi nisimwelezee, hataelewa. Haupandi juu ukatoka, unatulia pale pale usawa wa uso. Sisi nje tukaendelea na mkutano. Ugali ukaiva. Muuguzi akatoka anajifuta kwa khanga, macho yameiva kama pilipili, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Akatembea moja kwa moja hadi mbele ya kamanda, akasimama.

"Kamanda, nitazame vizuri. Na mimi niulizwe?"

Watu walicheka, kamanda naye akacheka, kisha kicheko kikakatika. Muuguzi akaendelea, safari hii kwa Kisukuma: mimi nimekaa humo muda wa sufuria moja. Huyu bibi yumo humo tangu alipoolewa.

Kwenye safu ya mfadhili, mama huyu ameandikwa "Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, miaka 31". Ndiyo, ni kweli. Lakini alichokifanya siku ile hakikutokana na stashahada peke yake. Kilitokana na mazoea ya mtu ambaye maisha yake yote, akionyeshwa jicho bovu, hutafuta kinachoingia ndani ya jicho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa kusomea, na nilikuwa nimekwenda vijiji vile miaka minne kabla yake. Ningekuwa mimi ningetoa mada juu ya imani potofu. Kwa kweli nilishaitoa, mara nyingi, na chati nikabandika.

Muuguzi huyo huyo ndiye aliyetufundisha kuuliza jambo la pili. Mtoto akifia zahanati, nani aliwaambia wazazi kilichomuua? Mara nyingi hakuna. Mhudumu ni mmoja, foleni ndefu, mwili unakabidhiwa na familia inaondoka nao bila maelezo. Akasema, pale ambapo sisi tumenyamaza ndipo mpiga ramli anapoanza kusema. Tangu hapo tumekuwa tunawaomba wahudumu wa afya kitu kidogo mno, dakika tano za kukaa na wazazi na kuwaeleza kwa lugha yao. Ombi hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti. Halikumjia mwanasheria wala mimi.

Sasa tufike kwa afisa misitu.

Ofisini tunamwita Mzee wa Miti. Baada ya lile tukio la jikoni tulikaa kikao cha Jumatatu tukapongezana: jibu tumelipata, majiko sanifu! Tutafute fedha, tujenge majiko yenye bomba la kutolea moshi. Mzee wa Miti wakati huo alikuwa mjumbe wa bodi tu, amekuja kusaini hundi. Akatuuliza, "Mnajua ni kwa nini bibi anapikia mavi ya ng'ombe?" Tukamjibu kwa sababu ni maskini. Akatikisa kichwa. "Mama yangu mimi alikuwa maskini zaidi, na alipikia kuni."

Akatupa historia ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameiunganisha na kazi yetu. Nchi hii ya Usukuma ilikuwa na miti na vichaka. Mwingereza alihimiza vichaka vifyekwe ili kuua mazalia ya ndorobo, wale nzi wanaoleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Ndorobo wakapungua kweli. Ikaja pamba, mapori yakageuka mashamba. Mifugo ikaongezeka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa bila utani, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule wa HASHI, ambao yeye aliutumikia akiwa kijana. Mti umekwisha, kuni hakuna, mama anaokota mabua na samadi. Moshi wa samadi unamwingia machoni miaka thelathini. Macho yanakuwa mekundu. Mpiga ramli anapata sentensi yake.

Mimi niliandika haya kwenye daftari huku mkono unatetemeka kidogo, sitawaficha. Kutoka ndorobo hadi panga, na kila kiungo katikati yake kina taaluma yake.

HASHI walipofika hawakuanza na miche ya kigeni. Walirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili lije kuliwa kiangazi. Wakaifufua, miti ikajiotea yenyewe, na mradi ulipokwisha mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimefunika zaidi ya hekta 300,000. Kwa hiyo kuni zimerudi! Swali la Mzee wa Miti likawa hili: zimerudi kwa nani? Ngitili ni ya kaya, au ya kijiji. Bibi mjane anayekaa peke yake hana kaya yenye ngitili, na ile ya kijiji ina walinzi na faini. Akiingia, anakatwa faini. Asipoingia anarudi kwenye samadi.

Basi tukabadilisha ombi letu. Tulikwenda kwenye halmashauri za vijiji kuomba kipengele kimoja kwenye sheria ndogo, kwamba wazee wanaoishi peke yao waruhusiwe kuokota kuni kavu kwenye ngitili ya kijiji siku fulani za wiki, bure, na mgambo awasaidie kubeba. Kuna vijiji vilikataa. Vilivyokubali, vingine vilikubali siku hiyo hiyo, kwa sababu aliyeomba ni mtu waliyemjua tangu zama za kupima ngitili kwa kamba. Majiko nayo tulijenga. Lakini jiko sanifu ukilitia samadi, litatoa moshi wa samadi.

Nilimwandikia mfadhili barua pepe. Ilikuwa ndefu kuliko hotuba hii. Alijibu, "Nimeelewa, asante," na mstari wa sita ukabaki.

Kwa mwanasheria sitakaa sana, maana kila mtu anaelewa mwanasheria ni wa nini, na kijana wetu hapendi kusifiwa hadharani. Yeye ndiye anayetukumbusha kwamba Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 bado iko vitabuni, na ndani yake mkuu wa wilaya anaweza kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi akakae mahali pengine. Yaani bibi akishukiwa, anayehamishwa ni bibi. Nitakaa zaidi kwa karani.

Karani wetu alifanya kazi mahakama ya mwanzo mpaka akastaafu. Elimu yake ni kidato cha nne. Mshahara wake kwetu ni mdogo kuliko wa mwanasheria, na mwanasheria ndiye wa kwanza kulilalamikia hilo. Mwanzoni, kila mjane aliyenyang'anywa shamba tulimpeleka kwa mwanasheria, na mwanasheria akapanda naye mahakamani, na mara nyingi tukakuta tumechelewa. Karani akatuambia tulikuwa tunafika mwisho wa hadithi. Mirathi inaanza na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kinakaa wakati mjane bado amejifunika anapokea pole, kabla hata matanga hayajaanuliwa. Anapoletewa karatasi ya kuweka dole gumba anaambiwa ni ya rambirambi. Karani ameona karatasi za namna hiyo kwa miongo. Hivyo ukitaka kumsaidia mjane, uwe msibani, na uwe na mtu wa kumwambia: mama, karatasi hiyo isomwe kwa sauti kwanza.

Kuna kesi moja anayoipenda kuisimulia, na ni ya kweli, iko kwenye kumbukumbu. Wajane wawili wa hapa nchini, mafundi cherehani, walifukuzwa na wakwe baada ya waume zao kufariki. Mila zilizoandikwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zinasema mjane harithi kama marehemu ana ndugu wa ukoo wake. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufaa, wakasubiri miaka, na mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye hati ya mahakama. Tarehe! Walisonga mbele mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewakosea. Mwanasheria akiisimulia kesi hii anasimulia ushindi wa 2015. Karani akiisimulia anasimama kwenye tarehe, anavua miwani, anasema, "Mwanangu, miaka ya wale akina mama ililiwa na namba." Ndiyo maana hakuna karatasi inayotoka kwetu bila kupita mezani kwake, hata barua ya kuomba maturubai.

Nije kwenye aibu yetu, maana bila hiyo hamtaelewa mhasibu amefikaje kwenye kazi ya utetezi.

Tulikwenda kwenye halmashauri moja, sitaitaja, kuomba wazee watengewe fedha. Tulijiandaa kweli. Picha, shuhuda, wazee wenyewe watatu tumekuja nao wamevaa vizuri. Nilizungumza robo saa nzima na nadhani kuna diwani alifuta machozi. Nilipomaliza mweka hazina akafungua kitabu chake, akachukua kalamu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, ni shilingi ngapi? Na niiweke kifungu gani?"

Nikageuka kumtazama mwanasheria. Mwanasheria akamtazama muuguzi. Muuguzi akatazama dari. Mweka hazina akasubiri, akaweka kalamu chini. Yule mzee niliyekuja naye, katika gari tukirudi, hakusema neno mpaka tulipofika kwake, akashuka, akasema "Ahsanteni kwa safari."

Tulikuwa na mhasibu siku zote. Alikuwa chumba cha nyuma anahesabu risiti zetu za mafuta. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye vyama vya ushirika vya pamba, anajua kusoma mizania ambayo mwenye nayo hataki isomwe. Mwaka uliofuata tulimtoa chumba cha nyuma. Yeye hakuanza na "haki". Alianza na kitambulisho cha matibabu bure cha mzee: picha moja bei gani, kadi bei gani, mtendaji wa kijiji anahitaji siku ngapi kuorodhesha, nauli ya kumfikia asiyeweza kutembea. Akazidisha kwa idadi ya wazee waliokwisha kuorodheshwa. Akaongeza dawa, maana dirisha la wazee tunalo kwenye vituo vingi, na bango la "Mzee Kwanza" liko juu yake, lakini bango halitibu presha. Akatoka na ukurasa mmoja wenye jumla chini, na kifungu pembeni.

Ni yeye pia aliyetukataza kuendelea kupigia kelele ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi. Alituwekea mgawanyo wake mezani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wazee hawamo, na ile ni mikopo ya kurejeshwa. Bibi wa miaka 75 atakopa afungue nini? Akatuonyesha wenzetu wa Zanzibar. Tangu Aprili 2016 walianza kumpa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mtumishi au mvuvi. Alisema ukitaja kiasi, umri na tarehe ya kuanza, mtu wa fedha hawezi kukujibu kwa huruma tu. Lazima naye ajibu kwa hesabu. Huyu mama nikimwandika kwenye ile safu, "CPA" inachukua herufi tatu.

Mlinzi wetu wa getini mmeshamjua, ingawa hamjui kama mmemjua. Ni yule kamanda wa sungusungu. Alikuja mwenyewe kuomba kazi, mwaka mmoja na nusu baada ya muuguzi kusimama mbele yake na macho mekundu. Wapo walionishauri nisimchukue. Jeshi la jadi la sungusungu lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Kahama na Nzega kupambana na wezi wa ng'ombe, na kuna mahali lilifanya kazi njema na mahali lilionea watu, hasa akina bibi. Yeye hasemi alikuwa upande upi. Ninachojua ni kwamba mara mbili alinigongea usiku akaniambia, mama, kijiji fulani kuna maneno, tumtoe bibi kesho asubuhi. Tukamtoa. Sikumuuliza amejuaje.

Nimewaacha nyinyi mwisho makusudi. Afisa ustawi wa jamii.

Tunaye mmoja, amesoma Kijitonyama, Dar es Salaam, kile chuo cha ustawi wa jamii kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa muda mrefu nilidhani yeye ndiye mtu wa kawaida kuliko wote hapo ofisini. Hatoi takwimu, hasimami mahakamani, hajui miti. Kisha tukapata bibi aliyenusurika. Sitaeleza majeraha. Polisi walimhoji, mwanasheria alimhoji, muuguzi alimhudumia. Kwa wote alisema hivyo hivyo: sikuwaona, kulikuwa giza.

Afisa ustawi alikwenda akamkuta bibi anabangua karanga kwa mkono mmoja. Akakaa chini, akavuta ungo, akaanza kubangua naye. Hakutoa daftari. Waliongea habari za karanga, za mvua, za mjukuu aliyeko Geita machimboni. Akaondoka. Nilimuuliza umeleta nini, akasema nimeleta karanga, akazimwaga mezani. Nilikasirika, gari lilikuwa limekunywa mafuta ya kilomita 90. Akaenda mara ya pili, karanga tena. Mara ya tatu bibi akasema, bila kuulizwa, huku macho yako kwenye ungo, kwamba wiki mbili kabla ya usiku ule mwanawe mwenyewe alikuja na mtu wa kupima shamba.

Ile ripoti yake ninayo mpaka leo. Ina safu mbili. Kushoto ameandika "alichosema", kulia "ninachodhani". Kulia kulikuwa na mstari mmoja tu. Kila mwingine pale ofisini, na mimi nikiwemo, angeandika safu moja na kuchanganya. Na kwa sababu hakuchanganya, karani alijua karatasi gani ya kutafuta, mwanasheria alijua nini cha kuzuia kwanza, na bibi hakulazimishwa kumtaja mwanawe mahakamani kabla hajawa tayari. Baadaye alikuwa tayari. Hilo ni lake, sitalieleza hapa.

Kwa hiyo mkiniuliza taaluma yenu ina kazi gani kwenye shirika la utetezi, mimi nawaonyesha ungo.

Nisije nikaonekana nasema kila tuliyemwajiri alifaa. Tuliwahi kuchukua kijana mwenye shahada ya uzamili ya masomo ya maendeleo, kichwa kizuri, akatuandikia mkakati wa utetezi wa kurasa 62. Nikampeleka peke yake kwenye mabaraza ya wazee vijijini. Hajui Kisukuma. Aliuliza changamoto zenu ni zipi, akajibiwa maji, dawa, pensheni. Akaandika maji, dawa, pensheni. Mauaji hayakutajwa na mzee hata mmoja, kwa sababu hayatajwi mkutanoni mbele ya mgeni, na mtendaji amekaa pembeni. Ripoti ikasema vitisho dhidi ya wazee "havikujitokeza kama kipaumbele". Kosa lilikuwa langu. Ningempa manju mmoja, yaani kiongozi wa kuimbisha ngoma, aende naye, watu wangeimba wasichoweza kusema. Manju tunaye, anajitolea, na nyimbo zake zimetuletea habari ambazo dodoso halikuwahi kuzileta. Yule kijana aliondoka baada ya miezi saba. Namsikia yuko Dodoma na anafanya vizuri, na ule mkakati wake, niseme haki, sura ya nne tunaitumia.

Basi. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Jambo la mwisho ni tangazo. Mzee wa Miti anastaafu kwa mara ya pili mwezi Desemba, magoti yamekataa. Nimeambiwa nitangaze nafasi yake kwa jina la "Afisa Programu, Wazee na Mazingira". Sifa za elimu zitabandikwa kwenye ubao wenu wa matangazo. Ila usaili utafanyika jikoni kwa bibi mmoja, kilomita 40 kutoka hapa, wakati wa kusonga ugali, kwa hiyo atakayeomba aje na kitambaa cha kujifutia. Mkiwa na maswali nipo, nitakuwa kule kwenye chai.